Ngazi ya vipande vitatu: nani anatumia mti wa uma kusukuma kipande cha juu ikiwa imeegemea ukutani?

#1 GataNgamiani

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni gata na fisha bodi (zile mbao za ukingo wa paa) hapa Tanga mjini, sana sana Ngamiani na Makorora. Ngazi yangu ni ya alumini, vipande vitatu, kila kimoja mita 3. Kupanda hakunitishi. Kinachonitisha ni zile dakika za kuirefusha, maana hapo ndipo ngazi haijafungwa popote, kitako kinacheza, mikono yote iko juu na macho yako juu vilevile.

Mnajua vichochoro vyetu. Ukitaka kuisimamisha wima katikati ya uchochoro ndipo uivute, juu kuna waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani, na upepo wa kusi ukivuma ngazi wima ya mita 6 haishikiki na mtu mmoja. Kwa hiyo mimi naiegemeza ukutani ikiwa fupi, kisha nasukuma kipande cha juu kikwee ukuta. Kinakwenda vizuri hadi mikono inapoishia, halafu kinakwama.

Juzi fundi mmoja aliyetoka kazini Mombasa alikuwa na kifaa chake: bomba jepesi la urefu wa mita mbili hivi, ncha yake ina uma wenye umbo la U uliofunikwa mpira. Anabaki amesimama chini, mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza, uma anauweka chini ya kidato cha kipande cha juu, anasukuma, ndoano zinazokishikilia kipande kwenye kidato zinalia, anateremsha kidogo zinakaa. Hakupanda hata kidato kimoja kufanya hivyo.

Maswali mawili. Nani amekitumia muda mrefu? Na kwa nini kipande kinakwama hasa pale nusu?

#2 kusi_na_kaskazi

Kinakwama kwa sababu ya ukuta. Ncha za juu za ngazi zina mipira ili zisiteleze, na nyumba nyingi za huko zina plasta ya kurusha, ile yenye chengachenga. Unasukuma mpira juu ya msasa. Weka magurudumu mawili madogo kwenye ncha, utasukuma kwa mkono mmoja. Mti huo wa uma unatibu dalili tu.

#3 FundiDishi_Chumbageni

Mkuu #1, mbona hutumii kamba na kapi? Ngazi ya kamba unavuta umesimama chini, na kapi inapunguza uzito nusu. Mimi nafunga madishi na kamera, sijaona sababu ya kubeba mti mwingine kwenye bodaboda.

#4 hesabu_za_mzigo

#3, kaka, kapi moja iliyofungwa kwenye kidato haipunguzi uzito hata kidogo, inageuza tu upande wa kuvuta. Kipande kikiwa na kilo 8 unavuta kilo 8, na zaidi kidogo kwa ule msuguano. Ili uzito upungue nusu, kapi yenyewe ingefungwa kwenye kile kinachopanda na mwisho mmoja wa kamba ukafungwa juu. Ngazi za kawaida hazikutengenezwa hivyo.

Ila kuna jambo ambalo watu hawaliangalii. Ukivuta kamba kwenda chini, kapi imefungwa kwenye kipande cha chini, basi kipande cha chini kinabeba uzito wa kile kinachopanda na kuvuta kwako juu yake. Kitako kinakandamizwa ardhini. Ukisukuma kwa mti, uzito wa kipande cha juu umeubeba wewe mkononi, kitako kinabaki na uzito wake tu, tena kile kipande kikibana kwenye reli, zile nguzo mbili za pembeni za ngazi, kinataka kukinyanyua kitako. Kwa hiyo mwenye mti lazima akanyage kidato cha chini muda wote. Huyo fundi uliyemwona alikuwa anajua anachofanya.

#5 FundiDishi_Chumbageni

Nusu au si nusu, mimi mkono wangu unaona wepesi 😄 Labda ni kwa sababu ukivuta chini unatumia uzito wa mwili.

#6 hesabu_za_mzigo

Hapo sawa kabisa. Mwili unasaidia.

#7 MamaRangi

Asalaam aleikum. Napaka rangi majumba, zaidi Raskazone na Sahare, na wasichana wawili ninaowafundisha. Mti wa uma ninao, nimekaa nao miaka. Niseme faida yake kubwa ambayo #1 hajaitaja: unauweka katikati ya kidato, kipande kinapanda kimenyooka. Ukisukuma kwa mikono, mkono wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, upande mmoja unatangulia, na ngazi inabana kama mtoto wa meza uliyemvuta kwa pembe moja. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kukwama, wala si ukuta.

Ninyi akina kaka mna mikono mirefu, labda hamlioni. Mimi si mrefu. Kabla ya mti nilikuwa lazima nipande vidato viwili nikiwa nimeshika kipande kinachoning'inia, mkono mmoja tu kwenye ngazi. Siruhusu msichana wangu afanye hivyo hata kwa kidato kimoja.

#8 mkwezi_wa_Pangani

Sisi huku tunapanda minazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye gogo na kamba miguuni, ninyi ukuta wa mita 5 mnaitisha mkutano. Watu wa Tanga mjini bwana!

#9 GataNgamiani

#8, mnazi haukimbii kwa chini, ndugu yangu. Njoo nikupe ngazi kwenye vigae vya veranda iliyomwagiwa maji ndipo uongee.

#7, ahsante sana. Uma wako una upana gani? Na ngazi yako ni vipande vingapi?

#10 Bwm_mawe

Nipo Bagamoyo. Kuhusu magurudumu ya #2, tahadhari moja. Nyumba zetu za zamani mjini ni mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa. Plasta ile ikishazeeka inaachana na jiwe, ukigonga inalia mvungu. Gurudumu dogo gumu linakandamiza eneo dogo mno, linachora mfereji kisha plasta inadondoka na ngazi inayumba. Kwa kuta hizo nafunga ubao ulioviringishwa gunia unaokutanisha ncha zote mbili. Unateleza kuliko mpira, na hauumizi ukuta. Ila wa kuusukuma juu, mti wa uma unafaa kuliko mikono.

#11 kusi_na_kaskazi

Yapo magurudumu mapana ya mpira laini, #10. Sikusema yale ya toroli la dukani.

#12 hesabu_za_mzigo

Nirudi kwa #2, kwa sababu magurudumu yana upande wa pili. Yanapokuwa juu, ukuta hauzuii tena ncha isishuke. Mpira unaoshika ukuta unasaidia kidogo kuzuia ngazi isiteleze, gurudumu halisaidii chochote. Kazi yote inabaki kwa kitako. Yaani urahisi ulioupata wakati wa kurefusha unaulipia wakati wa kupanda. Kama gurudumu lina breki au linakunjwa likimaliza kazi, sawa. Kama halina, kitako kifungwe kwa kamba au kizuiwe kwa kigingi, hakuna hiari.

Sasa hesabu yenyewe, maana naona wote tunazungumzia juu na hatari iko chini. Kanuni inayojulikana ni moja kwa nne: kimo cha mita 4, kitako kikae mita 1 kutoka ukutani. Hapo ngazi inakuwa na pembe ya nyuzi 75 hivi. Chukua ngazi ya #1. Akitaka ifike urefu wa mita 6, kitako kikae mita 1.5. Lakini anaiegemeza ikiwa imefungwa, mita 3. Mita 3 na kitako mita 1.5 ni nyuzi 60. Imelala! Kisha anaanza kusukuma. Kadiri inavyorefuka ncha inapanda ukutani na ngazi inasimama zaidi, mpaka inafika 75. Kwa hiyo wakati mbaya kuliko yote ni mwanzo wa kusukuma, na huo ndio wakati ambao mtu haogopi kwa sababu ngazi bado fupi.

#13 FundiDishi_Chumbageni

Basi mimi naanza karibu na ukuta, nikishamaliza kurefusha navuta kitako nje. Tatizo limekwisha.

#14 MamaRangi

Halijaisha, kaka. Ukivuta kitako cha ngazi iliyorefushwa hadi mita 6 inakuwa inateremka ukutani yenyewe, na wewe uko chini yake. Tena ikiwa ndoano hazijakaa sawasawa huo mtikisiko ndio unaoziachia. Weka kitako mahali pake kwanza, kizuie, ndipo urefushe.

#9: uma wangu ndani ni kama sentimita 4, vidato vyangu ni vya duara. Nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Ngazi ni ya vipande viwili.

#15 Mjomba_Duga

Nimesoma hadi hapa. Mimi sikubaliani na sababu ya ukuta wala ya mkono mmoja. Kwa pwani yetu ni chumvi. Angalieni ndani ya reli, pale kipande kinapopita: unga mweupe. Alumini ikipata hewa ya bahari inatoa unga huo, na ukichanganyika na mchanga na rangi iliyodondoka, reli inabana. Kwenye riveti za chuma ndiyo mbaya zaidi, alumini na chuma vikikutana penye chumvi, alumini inalika. Ngazi yangu niliyokuwa naiacha nje Duga ilikuwa nzito kurefusha, niliyoilaza ndani inapita kama kawaida. Zote mbili za aina moja.

Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka nta ya mshumaa kwenye reli. Usipake grisi wala oili, inakamata mchanga. Na usiguse vidato kwa nta!

#16 GataNgamiani

Mjomba, shikamoo. Nta nitajaribu. Lakini yangu inapita vizuri kabisa nikiilaza chini, inakwama ikiwa imeegemea tu. Ingekuwa chumvi ingekwama na chini vilevile, au sivyo?

#17 Mjomba_Duga

Marahaba. Ikilala chini haibebi kitu, reli zimenyooka. Ikiegemea inajipinda kidogo katikati kwa uzito wake, zile nafasi ndogo zinakwisha, uchafu unashika. Kwa hiyo ni chumvi na kupinda pamoja.

#18 hesabu_za_mzigo

Kupinda nakubali. Na ndiyo maana unasema "nusu", #1: pale kipande kinapotoka, kinachobaki kikipishana na cha chini ni kifupi, na kile kifupi ndicho kinachobeba nguvu ya kupinda. Kadiri kinavyobaki kifupi ndivyo kinavyobana.

Hapo hapo kuna jambo la usalama. Msirefushe mpaka mwisho. Kwa ngazi za Marekani za hadi futi 36, kama mita 11, vipande vinatakiwa vipishane angalau futi 3, yaani sentimita 90 hivi. Kwa ngazi fupi za kazi zetu wengi huhesabu vidato viwili au vitatu. Soma kibandiko cha ngazi yako. Mita 3 mara 3 si mita 9.

#19 salama_kazini

Naongeza mambo mafupi kwa sababu naona wapo wenye wasaidizi.

Kama umeajiri mtu, usalama wake kwenye ngazi ni jukumu lako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 haisemi "fundi ajitegemee".

Ngazi za alumini na umeme: ngazi zikiwa karibu na waya za nje, umbali unaofundishwa ni mita 3 na zaidi, na kwenye njia za msongo wa kati, zile za kilovolti 11 na 33 ambazo zinapita mitaani kwetu, usisogee bila TANESCO kukata. Waya ule wa kuingia nyumbani unaonekana una ganda, lakini ganda lililochomwa na jua la miaka halitegemewi. Kama kazi yako ni ya waya, tafuta ngazi ya faiba, kavu na safi.

Na ngazi ya kukufikisha juu ya paa ipite ukingo kwa vidato vitatu, kama mita 1, ili uwe na pa kushika unapotoka.

#20 FundiDishi_Chumbageni

#19 mita 3 kutoka kwenye waya, Ngamiani? Uchochoro wenyewe hauna mita 3 😅

#21 salama_kazini

Ndiyo maana watu wanaomba umeme ukatwe, kaka. Au wanapitia upande mwingine wa nyumba. Naongea kwa dhati: waya haujali uchochoro una upana gani. Na kwa hilo namuunga mkono #1, kurefusha ukiwa umeegemea ukuta kunaiweka ncha ukutani muda wote. Ngazi inayosimamishwa wima ndiyo inayoangukia waya.

#22 baharia_mstaafu

Habari zenu. Suala la kamba. Wanaotumia kamba na kapi, angalieni ni kamba ya nini. Nailoni inavutika sana, unavuta na kipande hakiendi, halafu kinaruka. Poliesta haivutiki sana na inavumilia jua. Kamba ya mkonge nzuri kufungia kitako kwenye kigingi kwa sababu inashika fundo, ila msiipitishe kwenye kapi ndogo, nyuzi zinakatika na ikilowa inavimba inakwama. Ikikaa na unyevu inaoza kwa ndani bila kuonekana.

Ukimaliza kuvuta, mkia wa kamba ufunge kwenye kidato. Hiyo ni akiba ndoano zikiachia. Wengi wanauacha unaning'inia.

#23 mkwezi_wa_Pangani

Baharia unaponda mkonge wetu? Mkonge ni wa asili ya hapa, umejenga Tanga hii.

#24 Bwm_mawe

Umejenga Tanga, hilo kweli. Wa asili ya hapa, hapana. Asili yake ni Mexico. Uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ukapandwa Kikogwe, na Kikogwe iko huko huko kwenu Pangani.

#25 mkwezi_wa_Pangani

Basi ulikuja Pangani kwanza. Nimeridhika.

#26 baharia_mstaafu

Sijauponda, mwanangu. Nimeupa kazi yake. Kigingi na fundo.

#27 GataNgamiani

Turudi kwenye ngazi, wakuu. Nimekwenda kwa mchomeleaji Makorora, ametengeneza uma wa nondo ya milimita 8, tukauvisha mpira, tukaufunga kwenye upembo wa maembe wa jirani kwa muda. Nimejaribu kwenye ukuta wa nyumba ninayofanyia kazi. Kitako nimekizuia kwa ubao uliopigwa vigingi viwili, mguu kwenye kidato cha kwanza kama alivyosema #4.

Kipande cha katikati kimepanda bila shida, na zile ndoano niliziona zote mbili zikikaa. Kipande cha tatu ndicho kilichonipa kazi. Ukikipandisha cha katikati kwanza, cha tatu kinakwenda nacho juu, kidato chake cha chini kinakuwa mbali na mti haufiki vizuri. Ukianza na cha tatu, kinapanda kirahisi, lakini baadaye unaposukuma cha katikati unakuwa umebeba vipande viwili kwa mkupuo, na mti wa upembo ulikuwa unapinda.

Ninyi wenye vipande vitatu mnaanza na kipi?

#28 FundiDishi_Chumbageni

Cha tatu kwanza. Siku zote.

#29 kusi_na_kaskazi

Cha katikati kwanza, halafu mti mrefu zaidi. Ukianza na cha tatu uzito unakaa juu mapema.

#30 MamaRangi

Mimi sina cha tatu, lakini nasema hivi: upembo ni wa maembe, mwanangu. Ukipinda katikati ya kusukuma, uma unateleza kwenye kidato, na kipande kilicho juu kinarudi chini kwa kasi kwenye vidole au uso. Tafuta bomba la alumini au mti wa mkoko ulionyooka. Usimame pembeni kidogo ya mstari wa kile kipande, usisimame chini yake moja kwa moja. Vidole visiwe kati ya vidato wakati kipande kinasogea.

#31 Mjomba_Duga

Bibie amenena. Nimeona mtu wa jirani, kidole kilibanwa kati ya vidato viwili ngazi ilipojiachia yenyewe. Hakupanda hata hatua.

#32 zamani_zimamoto

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Tulifundishwa hivi: sikio halitoshi. Ndoano ni mbili, kulia na kushoto. Mlio mmoja unaweza kuwa wa upande mmoja. Utaratibu ni kupandisha kupita kidato kidogo, kuteremsha taratibu hadi ndoano zikae, kisha unaangalia kwa macho kulia, unaangalia kushoto. Ule ulimi wenye springi chini ya ndoano ukiwa umekwama kwa rangi au kutu, ndoano inakaa nusu. Nusu inabeba ngazi tupu, haibebi mtu.

Pili, hakuna aliyeuliza kipande kinachopanda kinakaa upande gani, ukutani au upande wa mpandaji. Kwa ngazi nyingi za alumini na faiba za zimamoto kile kinachopanda kinakaa nje, upande wa mpandaji. Za mbao zilikuwa kinyume. Ukiigeuza ngazi ambayo haikutengenezwa hivyo, ndoano zinafanya kazi kinyume na ngazi inapinda upande usiotakiwa. #1, hebu angalia yako. Huenda "inakwama nusu" kwa sababu umeiegemeza mgongo mbele.

#33 hesabu_za_mzigo

Hoja nzuri hiyo. Na ingeeleza kwa nini ikilala chini inapita.

#34 kusi_na_kaskazi

Ingeeleza pia ukuta. Kama kipande kinachopanda ndicho kilicho upande wa ukuta, mipira yake inaburuzwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kiko nje, mwanzoni kinachogusa ukuta ni kipande cha chini, baadaye ncha inachukua nafasi. Kwa vyovyote mwisho wa yote ni msuguano.

#35 Mjomba_Duga

Na chumvi.

#36 GataNgamiani

Nimeangalia. Kibandiko kimefutika kwa jua, ila ndoano zinaonyesha kinachopanda kinatakiwa kuwa upande wangu, na ndivyo ninavyoiweka. Kwa hiyo si hilo, #32, ingawa nashukuru sana kwa lile la kuangalia pande zote mbili. Ulimi mmoja wa kushoto ulikuwa mzito, nimeusugua kwa brashi ukalegea.

Reli nimeosha, nimepaka nta kama alivyosema Mjomba. Inapita vizuri zaidi, siwezi kukataa. Lakini bado ikifika kidato cha saba hivi inakaza.

#37 hesabu_za_mzigo

Kidato cha saba kwenye kipande cha mita 3 ni zaidi ya nusu. Pima kinachobaki kikipishana hapo ni sentimita ngapi. Nikiwa na namba hiyo nitakuambia.

#38 mwenye_nyumba_Pongwe

Samahani kuingilia. Mimi si fundi, ni mwenye nyumba. Kijana aliyekuja kunisafishia gata aliegemeza ngazi kwenye gata lenyewe. Gata la plastiki likapasuka. Hicho kifaa chenu kinasaidia hapo au ni jambo jingine?

#39 MamaRangi

Jambo jingine, baba. Hapo inatakiwa mikono ya kutenga, ile kama U kubwa inayofungwa juu ya ngazi, inaiweka ngazi mbali na ukuta na ncha zinakaa ukutani chini ya gata, siyo kwenye gata. Gata linateleza na halibebi mtu.

#40 Bwm_mawe

Na mikono hiyo ukishaifunga juu, kurefusha kwa kuburuza ukutani kunakuwa kugumu zaidi, upana wake unashika kila chenga ya plasta. Ndiyo maana wengine huifungia magurudumu kwenye mikono hiyo. Tumerudi kwa #2.

#41 kusi_na_kaskazi

Nilisema.

#42 hesabu_za_mzigo

Na mimi nilisema kitako.

#43 salama_kazini

Wote mmesema. Naomba tu mwenye magurudumu aeleze anakifungaje kitako kwenye sakafu ya saruji, maana kigingi hakiingii. Ubao wenye mpira chini? Kamba hadi kwenye nondo ya dirisha?

#44 zamani_zimamoto

Nondo ya dirisha imara sawa, kamba kutoka reli zote mbili za ngazi, siyo kutoka kidato. Kama hakuna pa kufunga, mtu wa pili ashike chini akiwa anaikabili ngazi, mguu wake mmoja kwenye kidato cha kwanza. Asiangalie simu. Mtu wa kushika ni wa kushika.

#45 FundiDishi_Chumbageni

Sawa, nimepitia upya ushauri wote na bado nabaki na kamba yangu. Ila mkia nitafunga kwenye kidato kama alivyosema baharia, hiyo sikuwa naifanya. Na #7, kama unajua vipimo vya kumpa mchomeleaji wa uma nipe, vidato vyangu ni vya umbo la D siyo duara, uma wa duara utakaa kweli?

#46 MamaRangi

Kwa D, uma uwe na kitako bapa ndani, siyo mviringo, na upana uzidi kidato kwa milimita chache tu. Ukiwa mpana unacheza. Pima upana wa kidato chako kwanza, mbele na pembeni, uniletee hapa.

#47 GataNgamiani

#37, nimepima. Pale inapokaza kinachopishana ni sentimita 95. Na bomba la alumini nimepata, kesho naacha upembo wa watu.